Dhamana ya Udongo

Mwanadamu hupenda kufukia kisichompendeza, na akiisha kukifukia hudhani amekimaliza. Huko Mpanda risasi ilichimbwa Mukwamba katika miaka ya 1950, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Siku hizi wachimbaji wadogo wa Mkoa wa Katavi hutafuta dhahabu, na zebaki hutumiwa kuinasa. Risasi na zebaki haziozi. Basi, je, mtu azikaye sumu katika udongo wa mfinyanzi ametimiza wajibu wake?

Maabara hujibu nusu ya swali hili. Mtaalamu hushindilia mfinyanzi katika bomba, akatia maji yenye sumu upande mmoja, akapima upande wa pili. Maji hupita kwa shida. Lakini sumu hupenya polepole, ikitoka penye wingi kwenda penye uchache, kwa kanuni aliyoieleza Adolf Fick mwaka 1855. Kwa kanuni hiyo, unene wa udongo ukizidishwa mara 10, muda wa kupenya huzidi mara 100. Tabaka ya sentimita 10 ikipenywa kwa mwaka 1, tabaka ya mita 1 itapenywa kwa karne nzima. Tena chembe za mfinyanzi huivuta risasi na kuishika, zikaichelewesha zaidi.

Hapo pana faraja, na pana mtego. Faraja ni kwamba udongo mchache hununua muda mwingi. Mtego ni kwamba kuchelewesha si kuzuia. Aidha, mfinyanzi wa maabara umelowa na hauna ufa. Mfinyanzi wa mbuga hupasuka kiangazi, na mvua ya kwanza huteremka katika ufa bila kungoja karne.

Asiyejua akidhuru amekosa. Ajuaye akidhuru amedhulumu. Mwenye kukokotoa kwamba sumu itafika kisimani baada ya miaka 100 hakujipatia udhuru: amekwisha kumtambua mjukuu atakayekunywa maji hayo. Kwa hiyo yampasa apunguze sumu kabla ya kuizika, aufunike mfinyanzi usikauke, aandike mahali ilipozikwa, na awaachie warithi desturi ya kupima visima. Udongo hutunza dhamana kwa muda. Mwenye dhamana hubaki kuwa mtu.