Mlinzi wa Mnarani

Masomo: Ezekieli 33:1-9, Mathayo 18:15-17, Yakobo 3:5-6



Kiangazi kimetanda. Nyasi za Sepuka zimekauka, upepo wavuma mchana kutwa, na jioni twaona moshi huku na huku. Mwingine ni wa warina asali, mwingine wa wachungaji watafutao majani mapya, mwingine wa wenzetu wasafishao mashamba. Katika majira haya yafaa tutafakari juu ya mtu ambaye Maandiko yanamtaja mara nyingi, lakini sisi twamtaja mara chache: mlinzi wa mnarani.

Nabii Ezekieli alipewa neno zito juu yake. Mlinzi akiona hatari inakuja na asipige tarumbeta, watu wakaangamia, damu yao itatakwa mkononi mwake. Lakini akiipiga, na mtu akapuuza, mlinzi ameiokoa nafsi yake. Tazameni, Mungu hamwulizi mlinzi kama vita vilishinda au vilishindwa. Anamwuliza: uliona nini, nawe ulimwambia nani?

Wazee wetu waliijua kazi hii. Mtama ukianza kutoa masuke, dungu hujengwa shambani, na mtoto hupanda juu na kombeo lake kuwafukuza ndege. Mtoto akilala saa moja tu, kwelea kwelea wamekula jasho la mwaka mzima.

Watu wa misitu nao wana dungu lao. Miaka ya 1980, tulipokuwa katika chuo cha ualimu, tulipelekwa ziara ya mafunzo Sao Hill, katika Mufindi. Huko miti ya majaribio ilipandwa tangu mwaka 1939, na katika miaka ile ya 1970 na 1980 upandaji ukawa mkubwa sana. Tulipanda kwa miguu kufika mnara wa kuangalia moto. Njia ilikuwa fupi, lakini ilikuwa ya mlima. Tulipita katikati ya misindano, chini pamejaa majani makavu yasiyotoa sauti, nasi wana wa mbuga tulihema sana. Tulipofika juu tuliona safu za miti hata upeo wa macho, na kati yake njia pana zilizofyekwa ziwe kinga moto. Mlinzi alikuwa na ramani, dira na redio ya upepo. Hakuwa na ndoo wala shoka.

Katika kazi ya mlinzi yule twajifunza mambo matatu.

La kwanza, mlinzi hupanda kila siku, hata siku ambazo hakuna kitu. Kiangazi ni kirefu, na siku nyingi haoni ila mawingu na mwewe. Hakuna amsifuye kwa moto ambao haukuwaka. Lakini moto hauna miadi. Yakobo atukumbusha jinsi moto mdogo uwashavyo msitu mkubwa. Tuliliona jambo hili mwaka 2020, mwezi wa Oktoba, Mlima Kilimanjaro ulipowaka kwa siku nyingi. Taarifa za mwanzo zilisema chanzo ni moto wa kupashia chakula cha wageni. Eneo la kilometa za mraba 90 na zaidi liliteketea, na mamia ya watu, wanavijiji na wanafunzi pamoja nao, walipanda kuuzima. Na huko Marekani, mwezi wa Agosti mwaka 1910, moto ulipita majimbo ya Idaho na Montana, ukaunguza ekari zipatazo milioni 3 na kuua watu zaidi ya 80. Ni baada ya msiba huo walipojenga vibanda vingi vya walinzi juu ya vilele vya milima. Siku hizi vingi havina mlinzi tena, na watu hupanda kuvitazama kama ukumbusho. Heri yule ambaye hangoji msiba ndipo ajenge mnara.

La pili, mnara mmoja hautoshi. Mlinzi akiona moshi, dira yake yamwonyesha upande tu. Haimwonyeshi kama moto uko karibu au mbali, bondeni au ng'ambo ya kilima. Hivyo humwuliza mwenzake wa mnara mwingine. Kila mmoja hupiga mstari juu ya ramani, na pale mistari miwili inapokutana ndipo moto ulipo. Ndugu, hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Twaona moshi nyumbani kwa jirani kupitia dirisha letu moja, tukahukumu siku ile ile. Bwana wetu alijua jambo hili. Alituagiza tumwendee ndugu yetu kwanza, sisi na yeye peke yetu. Asiposikia, tuchukue mmoja au wawili pamoja nasi, kila neno lithibitishwe.

La tatu, mlinzi huwaambia wale wawezao kuuzima. Hapa ndipo mlinzi na msengenyaji wanapoachana, ingawa wote wawili wameuona moshi ule ule. Msengenyaji huuchukua ukaa wa moto akaupeleka kisimani, mnadani na kilabuni, na kila afikapo anaacha cheche. Mlinzi husema neno moja, kwa mtu apasaye, kwa wakati, kisha huendelea kuangalia.

Basi, moshi wa Sepuka ni upi? Ni binti aliyefaulu darasa la saba, na nyumbani kwao mazungumzo yamegeuka kuwa ya ng'ombe wa mahari. Ni mjane ambaye matanga hayajakwisha, na shemeji tayari wanapima shamba kwa miguu. Ni kijana aliyeacha kuja kwaya, naye sasa hulala kilabuni. Mambo haya hatuyasikii mahakamani kwanza. Huonekana mapema na jirani, na mama wa Umoja wa Mama, na mzee wa kanisa, na mwalimu. Kusema kuna gharama: utaitwa mchochezi, pengine utanyimwa salamu. Lakini binti akiisha kuozwa, machozi yetu hayamrudishi darasani.

Twaomba mwezi huu kila nyumba ya mtaa wetu ifanye jambo moja. Kama umeona moshi, usiuhubiri wala usiufiche. Enda kwa mwenye nyumba kwa upole. Asiposikia, mchukue mwenzako aliyeona kutoka upande mwingine. Asiposikia tena, mfikie kasisi, au mwalimu mkuu, au mwenyekiti wa kitongoji, kwa maana hao wamepewa maji ya kuzimia. Na wewe unayejiwa na mlinzi mlangoni, usimfukuze. Amepanda mlima kwa ajili yako.

Tuombe. Ee Bwana usiyesinzia, tupe macho yaonayo mapema, masikio yapimayo sawasawa, na ulimi uzimao moto badala ya kuuwasha. Uwalinde wadogo na wajane wa mtaa wetu, na utufanye tuwe walinzi waaminifu mpaka kupambazuke. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.