Danieli Hakukaguliwa Begi

Shule zikifunguliwa walimu hukagua mabegi. Ni sawa. Lakini vepu, ile sigara ya kielektroniki, ni ndogo kama flashi, na matangazo yake yako kwenye simu. Sheria ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Inambana muuzaji, moyoni haifiki.

Sasa, mtoto anayeacha kwa kuogopa kukaguliwa, ni mwema au hajapata nafasi tu?

Danieli alisomea Babeli, mbali na nyumbani. Hakuna mzazi aliyemwangalia mezani, lakini aliazimu moyoni mwake (Danieli 1:8).

Mzazi wa Masalani, wiki hii weka simu yako chini. Muulize mwanao anaona nini kwenye yake, na umsikilize bila kofi.