Nani Atasimama Karibu na Askari Mbele ya Waamuzi?



Swali limetufikia kutoka parokia zetu za mashariki, na hatutaki kulipita kimya. Je, mkristo ambaye ni avoka anaweza kukubali kumtetea askari aliyeshitakiwa kwamba alibaka, aliua ao alipora raia? Wengine wanasema hapana. Wanasema ya kuwa anayesimama karibu na mwovu anakula naye sahani moja. Mama mmoja alituambia wazi kwamba kijana huyo avoka akipanda kuimba katika kwaya, yeye atashuka. Tunaelewa uchungu wake. Kwa mtu wa mbali, habari za askari ni habari za redio tu. Mama huyu anajua ni mlango gani walivunja.

Mbele ya kujibu, turudi kwanza Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Sisi si wageni mbele ya mahakama za kijeshi. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la vita, chini ya komanda de Rossi, lilimhukumu Papa Simon Kimbangu kufa, na mbele ya kufa apigwe fimbo 120. Hakuwa askari, wala hakushika silaha. Alikuwa amehubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba tangu mwezi wa Aprili, na mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe mikononi mwa waliomtafuta. Katika chumba kile hakuwa na avoka hata mmoja, na nyuma ya hukumu hakukuwa na njia ya kukata rufani. Mfalme Albert I alibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na ndivyo Papa Simon alivyoletwa huku kwetu Elisabethville, leo Lubumbashi, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Habari hiyo tunaisimulia tangu utoto, na kila mara tunafika pale pa kusema: hakuwa na mtetezi. Sasa tujiulize vizuri, tunalia juu ya nini pale? Ni juu ya kuwa mtu asiye na kosa alikosa mtetezi? Ao ni juu ya kuwa hakuna mtu anayepaswa kuhukumiwa namna ile?

Ndugu mmoja atatujibu kwamba Papa Simon alikuwa bila kosa na askari huyu ana kosa, tusichanganye mambo. Hatuchanganyi. Kumlinganisha mtumishi wa Mungu na mtu aliyebaka mtoto ni matusi, na hatutafanya hivyo. Lakini tukumbuke ya kuwa hata wale waliokaa kuamua kule Thysville hawakuwa na mashaka. Kwao Kimbangu alikuwa mwasi, jambo limekwisha kujulikana. Mbele ya kusikilizwa, mwenye kosa na asiye na kosa wanakaa kwenye benchi moja, na nguo zao ni zilezile. Ni nani atakayewatenganisha kama hakuna anayeruhusiwa kuuliza maswali kwa upande wao?

Biblia haikunyamaza juu ya jambo hili. Nikodemo aliwauliza Wafarisayo wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu bila kumsikia kwanza. Hata Festo, mpagani, alieleza ya kuwa desturi ya Warumi haikubali kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshitaki na kupewa nafasi ya kujitetea. Na katika bustani, Mungu ajuaye yote alimwuliza Adamu mbele ya kumhukumu. Aliuliza, ingawa hakuhitaji jibu.

Sasa tuje Minova. Mwezi wa Novemba 2012, nyuma ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, askari wa Serikali waliokimbia walifika Minova, na kwa siku kadhaa wakabaka wanawake na wasichana, wakapora nyumba. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliobakwa zaidi ya 100. Kesi ilifunguliwa Goma mwaka mmoja baadaye, mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Operesheni, na mwezi wa Februari 2014 waamuzi walishuka mpaka Minova penyewe. Wanawake walitoa ushuhuda wakiwa wamefunikwa vichwa na nyuso, wasijulikane. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ilisomwa. Waliokuwa wameshitakiwa walikuwa 39. Waliohukumiwa kwa ubakaji walikuwa wawili.

Watu wengi walisema: mnaona, maavoka wamewaponyesha wabaya! Hapana, wandugu. Tuangalie vizuri. Mwanamke aliyebakwa usiku na watu wenye mavazi ya aina moja hawezi peke yake kujua jina na kikosi cha kila mmoja. Kazi hiyo ni ya wachunguzi na ya oditeri, yule anayeshitaki kwa jina la Leta: nani alikuwa wapi usiku ule, chini ya komanda gani, kwa amri ya nani. Kazi hiyo haikufanywa inavyostahili, na makamanda wa juu hawakushitakiwa. Avoka alipouliza kama huyu anayekaa hapa ndiye aliyeingia katika nyumba ile, swali lake lilikuwa la kweli, na mashitaka hayakuwa na jibu. Kama angenyamaza, askari 39 wangeweza kufungwa wote, na wale waliofanya kweli pamoja na wakubwa wao wangeendelea kutembea. Mama wa Minova angepata nini hapo? Angepata idadi tu.

Tena mahakama ile ya operesheni haikuwa na rufani. Wala askari aliyehukumiwa, wala mama aliyekosa haki yake, hakuweza kupanda kwa waamuzi wengine. Sisi tunaojua habari ya 1921 tulipaswa kulia kwa sauti pale, na hatukulia.

Hii si mara moja tu. Mahakama ya Amri ya Kijeshi iliyoundwa mwaka 1997 haikuwa na rufani pia. Ndiyo iliyohukumu watu 30 kufa, tarehe 7 Januari 2003, katika kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila. Kanali Eddy Kapend alikuwa mmoja wao. Hatusemi ni nani kati yao alikuwa na kosa. Tunasema tu kwamba msamaha wa Rais uliomtoa gerezani mwezi wa Januari 2021 ulimkuta hai. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ilifungua tena njia ya hukumu ya kifo kutekelezwa, na mwezi wa Julai mwaka uleule askari 25 walihukumiwa kufa, Kivu ya Kaskazini, kwa kumkimbia adui. Kesi ilikwisha kwa siku moja. Watu 25, siku moja. Avoka aliye na nusu saa kwa kila roho atasema nini?

Na sheria yetu wenyewe haikatai. Katiba ya 2006, ibara ya 19, inampa kila mtu haki ya kuwa na mtetezi, na ibara ya 61 inasema haki hiyo na ya rufani haziondolewi hata wakati wa hali ya hatari. Ibara ya 28 inasema hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo wazi kinyume cha sheria. Hii ya mwisho inakata pande mbili: inamnyima askari neno la “niliamriwa”, lakini inamruhusu avoka kuuliza kwa sauti ni nani aliyeamuru.

Kijana wetu avoka naye ana mipaka. Asinunue shahidi. Asimwulize mama aliyeumizwa maswali ya kumvua nguo mara ya pili mbele ya watu. Akifanya hivyo, mama wa kwaya ana haki ya kushuka, na sisi tutashuka naye.

Aliuliza jambo moja zaidi, na ni zito. Kama askari anamwambia avoka wake kwa siri ya kuwa kweli alifanya, itakuwaje? Sisi tunajibu hivi. Avoka asiwaambie waamuzi kwamba hakufanya, kwa maana huo ni uongo, na amri za Mungu hazina mlango wa nyuma kwa maavoka. Lakini anaweza kudai ushahidi uletwe, aombe uhai wake, aeleze umri wake na amri aliyopewa. Na usiku, gerezani, amwambie peke yake ya kuwa kuna watu wanaongoja kusikia kinywa chake kikikiri. Askari akikataa, avoka arudi kesho yake asubuhi, akae karibu naye kwenye benchi mpaka hukumu isomwe.