Mwanya wa Kanuni na Insafu ya Wachezaji

Aghalabu watu hudhani kwamba mchezo huharibika pale wachezaji wanapoanza kubishana juu ya kanuni. Lakini mwenye kutafakari kwa utulivu ataona kwamba, katika mchezo ambao kanuni zake zimetungwa na wachezaji wenyewe, ubishi huo ni sehemu ya mchezo, na pengine ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote.

Tuchukue mathalani watoto wa Nyacheki, katika milima ya Kisii, wachezao jioni kwenye uwanja wa mteremko, mpira wao ukiwa matambara yaliyokazwa kwa kamba za migomba, na magoli yao mawe mawili huku na mawili kule. Refa hapana, ipo kaida tu, ambayo watoto wengi wa Kenya waijua, ya kwamba kona tatu ni penalti. Sasa na atokee mwerevu mmoja, aache kabisa kutafuta bao, awe akiulenga mguu wa beki kusudi mpira utoke nyuma ya mawe, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha autue chini na kudai haki yake. Wenzake watapiga kelele kwamba huo ni wizi, naye atajibu: "Tulisema kona tatu, hatukusema zipatikane vipi."

Je, ni mwizi? Hasha. Mwizi huivunja kanuni, ilhali huyu ameitii kupita wote. Hata hivyo wanaomlalamikia nao wana hoja, maadam kaida hiyo iliwekwa ili kumtuza anayeshambulia kweli, wala si anayetafuta miguu ya watu. Ndio mzozo ule ule uliowashughulisha wanazuoni wa fikihi kwa karne nyingi katika suala la hila za kisheria, baadhi wakishika dhahiri ya mkataba na baadhi nia ya wenye kufunga mkataba.

Wakubwa nao hawakusalimika. Mnamo Januari 1994, katika mashindano ya Karibi, ilikuwapo kanuni kwamba bao la ushindi katika muda wa nyongeza lihesabiwe mawili. Barbados, waliohitaji kuishinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili, na wakiongoza 2–1 tu dakika za mwisho, wakajifunga wenyewe kwa makusudi ili muda uongezwe. Grenada, ambao hata kushindwa kwa bao moja kungewatosha, wakawa wanatafuta kufunga goli lolote kati ya mawili, na Barbados wanayalinda yote mawili. Mchezo ukaisha 4–2, na matokeo yakasimama, kwani hapana kanuni iliyovunjwa.

Atauliza mtu: kwa nini basi tusihukumu kwa nia? Jawabu ni kwamba nia haikuandikwa popote, na panapotokea ikhtilafu juu yake, mwenye kuifasiri huwa ni mwenye nguvu, yaani, kule mteremkoni, mwenye mpira. Ndiyo maana Peter Suber, mwanafalsafa wa Marekani aliyebuni mwaka 1982 mchezo wa Nomic, ambamo kucheza kwenyewe ni kubadilisha kanuni, alikataza badiliko lolote kurudi nyuma na kugusa yaliyokwisha kutendwa; na Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 50, yakataza vivyo hivyo mtu kutiwa hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Kadhalika, mabeki wa Uingereza walipouzoea mno mtego wa kuotea, sheria ilibadilishwa mwaka 1925, wapinzani waliotakiwa kuwa mbele ya mshambuliaji wakapunguzwa kutoka watatu hadi wawili, bighairi ya kufuta ushindi wa mtu.

Insafu, basi, yataka mambo mawili kwa pamoja: mwerevu apewe penalti yake leo, ijapokuwa kwa shingo upande, na kabla ya mpira kurudi katikati wote wakubaliane kwamba kona ya kutafutwa haihesabiwi tena. Akinyimwa penalti, wamemfundisha kwamba maagano hayana thamani. Kaida isiporekebishwa, wamejifundisha wenyewe kwamba hawana mamlaka juu ya walichokitunga.