Breki Kwanza, Mngurumo Baadaye

Ukipita Kisauni, Magongo au Likoni, mjini Mombasa, Jumapili alasiri, hukosi kuliona gari la spoti la miaka mingi limefunuliwa boneti chini ya mwarobaini, vijana wawili watatu wameliinamia. Pengine ni Subaru Impreza, pengine ni Toyota Celica. Rangi imepauka, taa zimeingia ukungu, lakini mwenyewe analizunguka kwa mapenzi ambayo baadhi ya magari mapya hayajawahi kuyaonja. Wapita njia wengi huona vijana wanaochezea vyuma. Anayesimama kidogo na kutazama ataona jambo zito zaidi: mtu mwenye kipato kidogo akiamua, shilingi baada ya shilingi, ni kipi kitangulie na kipi kingoje. Na katika uamuzi huo ndimo tabia ya mtu inamojitokeza, awe na gari au asiwe nalo.

Mombasa inayajua magari haya kuliko miji mingi, kwa kuwa ndipo yalipogusa ardhi ya Kenya yaliposhushwa melini. Kanuni KS 1515 ya Shirika la Viwango la Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa kwake kwa mara ya kwanza. Hesabu yake ni nyepesi. Gari lililoletwa kwa kanuni hiyo, likiwa leo na miaka 20, limekwishaishi kwetu miaka isiyopungua 12. Limepigwa na jua la Pwani na hewa ya chumvi kwa muda mrefu kuliko lilivyokaa katika nchi lilikotoka. Limepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja ameliachia alama yake. Anayelinunua sasa anarithi uangalifu na uzembe wa wote waliomtangulia, na hana budi kuchagua ni kipi kati ya hivyo viwili atakachokiendeleza.

Chaguo hilo huonekana katika matumizi ya mwanzo kabisa. Wengi huanza na bomba la moshi lenye mngurumo, kisha rimu pana, kisha hukata spiringi ili gari lilale karibu na lami. Tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Kijana aliyekulia mtaa ambako hata jina lake halijulikani nje ya kona mbili tatu anatamani kutambuliwa, na tamaa hiyo ni ya kila binadamu. Wazee wetu walikwishatuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mngurumo peke yake hauiongezei injini nguvu. Spiringi iliyokatwa huliondolea gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, hivyo kila tuta na kila shimo humfikia dereva mgongoni, na shokabsoba hufa kabla ya wakati wake. Tajiri akikosea mpangilio hununua tena. Mchumia juani akikosea, kosa hubaki naye barabarani miezi na miezi.

Ipo orodha nyingine ya kazi, ya bei nafuu na isiyo na kelele. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hapa Pwani unyevu haukosekani mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na kanyagio likaanza kuzama wakati ule ule dereva anapolihitaji. Kuyabadilisha kunahitaji chupa ya mafuta mapya, mpira mwembamba, na watu wawili, mmoja akikanyaga na mwenziwe akilegeza nati na kuikaza. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na mfereji unapokauka wapo wanaoyamimina maji hayo kwenye rejeta. Chumvi huila kwa ndani, taratibu, mpaka siku injini inapochemka katikati ya foleni. Waya unaounganisha betri na bodi ukishika kutu, taa hufifia na injini huwaka kwa kusuasua. Brashi ya chuma na vaselini kidogo humaliza tatizo ambalo mtu angeweza kulinunulia betri mpya. Taa za plastiki zilizogeuka manjano kwa jua husuguliwa kwa msasa laini uliolowa maji, zikang'arishwa na kupakwa kinga, na mwanga ukarudi. Ubavuni mwa tairi zipo tarakimu nne zinazotaja umri wake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayejua kuzisoma hauziwi uzee kwa jina la upya. Na buti likiondolewa vikorokoro vilivyokaa humo bila kazi, gari hupungua uzito bila hata senti moja kutumika.

Kazi zote hizi zina sifa moja: hakuna jirani atakayezishangilia. Nani atasimama kando ya barabara kusifu mafuta mapya ya breki? Ni kama mama anayechemsha maji ya kunywa kila usiku. Hakuna mgeni atakayempa hongera, na ushahidi pekee wa kazi yake ni kwamba watoto hawakuugua. Nyakati hizi tumezoea kuyapima mambo kwa macho ya watazamaji, kiasi kwamba wema usioonekana tunauona kama hasara. Je, tumebakiwa na uwezo wa kukitunza kitu kwa ajili ya uzima wake, hata kama hakuna atakayejua kwamba tulikitunza?

Afrika Mashariki ilikwisha kufundishwa somo hili hadharani, kwenye matope na vumbi la Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa 7 tena. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404, gari la familia lililojulikana katika miji yetu yote. Mwaka 1965 ikawa zamu ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, aliyeshinda pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwishatumika kabla ya kufika mikononi mwao. Gari la spoti nalo lilipata siku zake, pale Datsun 240Z iliposhinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Lakini hata hiyo isingefika popote kama wepesi wake usingefungwa pamoja na uimara. Barabara zile zilimuuliza kila dereva swali moja: ulijiandaa vipi kabla ya kuondoka? Mwenye mbio bila maandalizi aliachwa porini, na hadi leo tunawakumbuka waliofika.

Kujifanyia kazi mwenyewe kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Aliyekaza nati kwa mkono wake anajua kwamba imekazwa. Hasikilizi tena maneno ya mwuza vipuri kama mgeni, na akilipaka gari rangi anajua kama chini yake mna chuma kizima au puti iliyofunika kutu. Elimu hiyo hutoka kwa mafundi wa jua kali, ambao wengi wao hawakatai kumfundisha anayeuliza kwa adabu. Kijana anayesema, "Shikamoo fundi, naomba nikutazame ukifanya," hupewa spana aishike, na baada ya muda hupewa kazi aifanye. Aliyepata kujaribu kufungua nati iliyoshikwa na kutu ndiye anayeacha kuteta na fundi juu ya ujira, kwa kuwa ameujua uzito wa kazi. Elimu hiyo hiyo humwonyesha mtu mpaka wake. Haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Usukani unaocheza na chesi inayohitaji kuchomelewa huwaachia wenye ujuzi. Kukiri kwamba jambo hili silimudu ni sehemu ya ufundi.

Tena gari haliishii nyumbani kwa mwenyewe. Linapita Likoni, ambako alfajiri na jioni umati wa watu huenda kwa miguu kivukoni. Linapita Kongowea kati ya mikokoteni, tuktuk na akina mama wenye vikapu vya mboga. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imeunganisha upande wa Changamwe na upande wa Likoni bila kivuko, na uwazi wake unaushawishi mguu wa kulia. Bomba la moshi lenye kelele hulifurahisha sikio la mmoja na kukatiza usingizi wa mtaa. Breki nzima humlinda mtoto anayevuka kwenda madrasa, asiyejua jina la dereva wala aina ya gari. Tukiwa na shilingi chache na haja nyingi, ni mara ngapi tunajiuliza ni nani mwingine atakayefaidika na tunachokinunua?

Hatusemi kwamba uzuri hauna haki. Gari la spoti lilibuniwa ili lipendeze, na siku breki, tairi, maji na waya vitakapokuwa sawa, rangi mpya na rimu nzuri zitakuwa pambo la kitu kizima, na mwenye gari atakuwa amestahili kulifurahia. Kinachoharibu mambo ni kutanguliza cha mwisho. Basi wewe kijana wa Kisauni, Likoni au Changamwe uliyejaliwa gari kuukuu na kipato kidogo, usiuonee aibu uchache wa fedha zako, kwa maana umekupa nafasi ya kupanga mambo yako kwa busara. Mwisho wa mwezi huu, kabla hujaulizia bei ya bomba la moshi, nunua chupa ya mafuta ya breki, mwite rafiki akukanyagie, na uifanye kazi hiyo mpaka uwe na hakika nayo.