Mkono wa Mara ya Pili

Neno la kutafakari: Marko 8:22–26



Mwezi huu twatafakari habari ya kipofu wa Bethsaida. Katika wainjilisti wanne, Marko peke yake ndiye aliyeiandika. Nayo yastaajabisha, kwani Bwana, aliyewaponya wengi kwa neno moja tu, hapa amponya mtu kwa hatua mbili. Watu walimleta yule kipofu. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono. Kisha akamwuliza kama aona kitu. Mtu yule akajibu kwamba awaona watu, lakini wamfanania miti itembeayo. Ndipo Bwana akamwekea mikono mara ya pili, na macho yake yakawa safi.

Neno hili nimelichagua kwa ajili ya ndugu zetu walio katika hali kama hiyo: wagonjwa waliokwisha kupimwa, na majibu waliyopewa ni kama miti itembeayo. Si giza, wala si nuru. Wameambiwa, “Hatuoni ugonjwa dhahiri,” nao wamerudi nyumbani na maumivu yale yale.

Natwae mfano mmoja. Mbele ya koo la kila mtu iko tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Waganga wa hospitali huiita thairoidi. Kazi yake ni kutoa maji maalumu yaingiayo katika damu na kuuamuru mwili wote uende upesi au polepole. Tezi ikilegea, mwili wote walegea: mtu achoka tangu asubuhi, ngozi yakauka, nywele zapukutika, choo chawa kigumu, sauti yawa nzito, moyo waingiwa na huzuni na akili na usahaulifu. Ikizidi kazi yake, moyo wapiga mbio, mikono yatetemeka, usingizi wapotea, na mtu akonda ingawa ala vema. Pengine tezi yenyewe yavimba, ikawa rovu.

Fikirini basi mama mmoja wa pwani yetu. Ni siku za kaskazi, watu wote wajipepea, naye ajitanda kanga mbili kwa baridi. Zamani alikuwa wa kwanza shambani. Sasa hata kuteka maji kwamshinda. Mume anung'unika. Wifi wasema, “Mvivu huyo.” Jirani anong'ona kwamba amepandwa na pepo, heri apigiwe ngoma. Na sisi wa kanisani twaweza kuongeza jeraha juu ya jeraha, tukisema kwamba imani yake imepoa, kwa kuwa siku hizi hasimami katika kwaya. Mama huyu aenda zahanati, apimwa malaria, haionekani. Apimwa wekundu wa damu, hauna upungufu mkubwa. Mwisho asafiri mpaka Dar es Salaam, atoa fedha kwa kipimo cha tezi, na jibu larudi limesimama katikati: halimo katika ugonjwa, wala halimo katika uzima. Je, tumwambie nini?

Kwanza, tutazame kwa nini jibu laweza kuwa hivyo. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, nayo hupeleka mwito kwa ile ya shingoni. Ile ya shingoni ikichoka, mwito wazidi, kama mwenye nyumba apazaye sauti kwa mtumishi mzito wa kusikia. Kipimo kitumikacho sana hupima ukubwa wa mwito huo. Sasa, huenda mwito ukawa umepanda kidogo, na mtumishi bado atimiza kazi yake; hapo daktari hawezi kusema kwa yakini kwamba tezi imeshindwa. Tena mwito huo hubadilika kwa saa za mchana na usiku, kwa mimba, na kwa ugonjwa mwingine uliopita majuzi. Hata vidonge ambavyo wengine humeza ili kuimarisha nywele na kucha vyaweza kulipotosha jibu. Kwa hiyo daktari mwenye busara husema, “Rudi baada ya wiki kadhaa, au miezi miwili mitatu, tupime tena.” Huenda pia akataka kutafuta katika damu dalili za askari wa mwili walioasi na kuishambulia tezi yao wenyewe, ugonjwa huo ulielezwa na tabibu Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Au ataitazama shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Na ikiwa uvimbe umetolewa maji kwa sindano, nayo hayakutosha kuonyesha neno, sindano hurudiwa.

Ndugu, kurudia huko kusikuudhi. Bwana mwenyewe aliweka mikono mara mbili. Hakuona aibu kuuliza, “Waona nini?” wala hakumfukuza mtu aliyejibu kwamba haoni sawasawa.

Pili, tumtazame yule kipofu. Alikuwa amesimama mbele ya Mwana wa Mungu, na ingalikuwa rahisi kwake kusema, “Naona vema, Bwana, ahsante,” ili asimwaibishe aliyemponya, au ili aonekane kuwa mwenye imani kubwa. Hakufanya hivyo. Alisema kweli yake: naona, lakini si sawasawa. Kweli hiyo ndiyo iliyomletea mkono wa pili. Laiti angalidanganya kwa adabu, angalirudi kwake akiishi kati ya miti itembeayo mpaka kufa.

Basi mgonjwa asemaye, “Daktari, bado naumwa,” hatendi dhambi, wala hakosi shukrani. Afanya kama yule wa Bethsaida. Aseme bila kuficha na bila kuongeza. Na aandike katika karatasi siku alipoanza kuchoka, uzito wa mwili, hali ya hedhi, dawa azitumiazo, na kama mama yake au dada yake alikuwa na rovu. Karatasi hizo na majibu yote ya zamani azichukue kila aendapo, maana daktari wa leo hakuwapo jana.

Lakini kweli ina upande wa pili. Yule mtu hakumwambia Bwana jinsi ya kumponya. Ndivyo na sisi: twaweza kudhani ni tezi, kumbe ni upungufu wa damu, au kisukari, au huzuni ya moyo ambayo nayo ni ugonjwa wa kweli na ina matibabu yake. Uchovu ni mlango mmoja utokao nyumba nyingi. Anayeshikilia jina la ugonjwa kabla halijathibitishwa, akanunua vidonge vya tezi dukani kwa shauri la rafiki, ajiweka hatarini, kwani vidonge hivyo vikizidi huutaabisha moyo na kuidhoofisha mifupa. Tutafute kweli, tusitafute ushindi.

Tatu, tujifunze saburi kwa historia yenyewe ya ugonjwa huu. Mwaka 1873 tabibu William Gull wa Uingereza aliwaeleza wanawake wazima waliovimba uso, wakawa wazito wa mwendo na wa akili. Dawa haikuwako. Miaka kumi na minane ikapita. Mwaka 1891 George Murray, tabibu wa Newcastle, alimchoma mwanamke mmoja sindano ya maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mwanamke huyo akapata nafuu, akaishi mpaka mwaka 1919. Na kipimo cha mwito nilichokieleza hakikupatikana mpaka miaka ya 1960. Nawauliza: wanawake wale waliokufa kabla ya dawa na kabla ya kipimo, je, hawakuwa wagonjwa? Walikuwa wagonjwa, na Mungu aliujua ugonjwa wao siku zote. Kipimo cha wanadamu hakiumbi ugonjwa, wala kutokuonekana kwake hakuufuti. Bwana alijua machozi ya walioitwa wavivu.

Na hapa pwani tusijidanganye kwamba bahari yatulinda. Ni kweli kwamba katika nchi yetu rovu lilizidi milimani, mbali na bahari, kama Mbeya na Iringa, kwa kuwa udongo wa huko una upungufu wa madini yaitwayo iodini, ambayo tezi haiwezi kufanya kazi pasipo hayo. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani, mmea wa bahari ambao akina mama wa Mlingotini waulima. Walakini chumvi ianikwayo juani katika mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Nunge, haina iodini ya kutosha mpaka itiwe kwa makusudi. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 serikali iliweka sheria ya kuitia. Basi nunueni chumvi iliyotiwa iodini, mkaifunike, msiiache juani. Mihogo michungu nayo ilowekwe na kukaushwa vema, kwani sumu yake isipotolewa huizuia tezi kuipata iodini kidogo iliyopo. Hata hivyo ugonjwa wa askari walioasi huja hata kwa mtu alaye samaki kila siku. Asiambiwe mtu, “Wewe ni wa pwani, huwezi kuugua.”

Nne, nasema na ninyi mlio wazima. Kipofu hakufika kwa Yesu peke yake, watu walimleta. Katika amri ya tano tulifundishwa tangu kipaimara kwamba haitoshi kutomwua jirani. Yatupasa kumsaidia katika kila hitaji la mwili wake. Mgonjwa apewaye jibu la katikati hulemewa kuliko wengine, kwa sababu aliyevunjika mguu ana bendeji ya kuonyesha, naye hana. Wasaidieni nauli ya kurudi Dar es Salaam. Mume na aende pamoja na mkewe, asikie kwa masikio yake daktari asemavyo. Mwenye mimba aliyewahi kuambiwa neno juu ya tezi apelekwe upesi, asingojee, maana upungufu huo usipotibiwa waweza kuidhuru akili ya mtoto aliye tumboni. Vilevile aliye na uvimbe wa shingo unaokua upesi, au sauti iliyokauka isirudi, au shida ya kumeza, asisubiri hata mwezi.

Na mtu asimwambie mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Paulo mtume alimwacha Trofimo Mileto hali ni mgonjwa, wala hakumlaumu. Na Luka, rafiki yake mpendwa, alikuwa tabibu. Martin Luther naye, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki na kuwahudumia wagonjwa, akafundisha kwamba dawa ni kiumbe cha Mungu, na mwenye kuidharau amjaribu Mungu. Kwa hiyo anayewaita watu kutupa vidonge ili kuionyesha imani, msimfuate. Wala msikimbilie ngoma za pepo kwa sababu kipimo kimenyamaza. Mganga aliye tayari kutaja jina la adui siku ile ile, na bei yake, ana jibu la upesi. Lakini jibu la upesi na jibu la kweli si ndugu daima. Daktari akiriye, “Bado sijui, tutazame tena,” amekuheshimu zaidi.

Mwisho, neno moja kwako wewe uliye katikati. Tazama ni nani aliyemshika yule kipofu mkono tangu kijijini. Katika safari ile yote hakuwa ameona kitu, hata miti itembeayo. Alikuwa na mkono tu. Hakujua waenda wapi, wala kwa nini watoka nje. Mkono huo haukumwacha kabla ya kuona, wala haukumwacha alipoona nusu. Katika ubatizo mkono huo umekushika nawe. Huenda kipimo cha pili kitaleta jina, na dawa, na nguvu kama za zamani. Twaomba iwe hivyo, na wengi wamepata. Huenda kitasema tena kwamba halijaonekana neno. Hata hapo hujawa mwongo, wala mvivu, wala mtu aliyesahauliwa. Sisi sote hapa duniani twaona kwa sehemu tu, daktari na mgonjwa, mchungaji na msharika. Bali Yeye atuona kwa ukamilifu.

Na tuombe. Bwana Yesu, uliyeuliza kipofu aona nini ukalipokea jibu lake, lipokee na jibu letu lisilo kamili. Wape waganga wetu subira ya kutazama tena, wape wagonjwa ujasiri wa kusema kweli, utupe sisi miguu ya kuwasindikiza. Usiuondoe mkono wako mpaka tutakapoona waziwazi mbele ya uso wako. Amin.