Zahiri na Batini ya Koti

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umekaa kwa kimo cha takriban mita 1,800 juu ya bahari, na ambako baridi ya Juni na Julai haimbagui tajiri na fakiri, koti si pambo tu bali ni sitara, na mtu aweza kulipenda bila ya kuona haya. Lakini koti la sufu la zamani, lililokatwa na fundi stadi na kuvaliwa Jumapili kanisani au siku ya harusi, huleta pamoja na joto lake suala la kale: je, uzuri wa vazi ni shukrani kwa Mola aliyetujalia, ama ni mlango wa kiburi?

Kurani, katika sura ya Al-Aaraf, huwahimiza wana wa Adamu wajipambe waendapo kusali, kisha hapo hapo huwatahadharisha na israfu, ikiwa imekwisha kulitaja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora. Waraka wa Yakobo nao huwakemea waumini wanaompa mahali pa heshima mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, huku wakimsimamisha kando maskini mwenye nguo chafu. Yakobo hakulilaumu vazi. Aliwalaumu waliolifanya mizani ya kupimia watu.

Wapenda mishono ya kale wana hoja yenye uzito. Lifumue koti la namna hiyo, nawe utakuta, baina ya kitambaa cha nje na bitana, kitambaa kigumu kilichofumwa kwa sufu na manyoya ya farasi, kikashikizwa kwa mishono midogo mingi ya mkono ili kifua kisimame na ukosi ulale kwa upole. Utakuta pia ziada ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mishono, kana kwamba fundi alijua kuwa mwili wa mwanadamu haudumu katika hali moja, akamwekea mvaaji akiba ya siku za unene. Kazi yote hiyo imefichwa, na mvaaji huenda akafa asiione. Makoti mengi ya viwandani ya siku hizi hubandikwa kwa gundi na moto, yakapendeza dukani na kuvimba malengelenge baada ya kufuliwa. Basi tukilisifu koti la kale, na tuusifu uaminifu wa mtu aliyefanya wema mahali pasipo na shahidi, kwani hapo batini imekuwa bora kuliko zahiri.

Hata hivyo mapenzi haya yana upofu wake. Makoti mengi ya aina hii hutufikia katika marobota ya mitumba, ambayo watu waliwahi kuyaita kafa Ulaya. Wala si aibu kurithi nguo ya maiti, ila ni dhuluma kuudhania mshono wa Ulaya kuwa ndio kipimo cha ustaarabu wote. Wafipa walikuwa wafumaji kabla ya dola ya kigeni kufika, wakitengeneza nguo nzito za pamba kwa mikono yao, na ufundi huo ukafifia nguo za viwandani zilipoenea. Baadaye koti na tai vikawa alama ya karani na mwalimu mbele ya mkulima. Na baada ya uhuru, viongozi walipoziacha tai wakavaa suti za Chunlai na za Kaunda, muda haukupita mrefu kabla ya suti hizo nazo kumtambulisha mkubwa wa ofisi. Kwa hiyo hakuna mkato wa nguo, wa kale wala wa kisasa, unaomkinga mtu na takaburi; aliyevaa ndiye anayelitia vazi maana.

Naona, basi, kuwa hukumu ya haki haipitishwi mbele ya kioo. Wajibu wa anayelipenda koti zuri umo katika muamala wake na fundi wa sokoni aliyelifumua, akalipiga bandi na kulipunguza mabega mpaka likamkaa, naye angali hai na ana watoto wa kulisha. Mafundisho ya Mtume yanaamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka; na mtu anayewasifia watu ufundi wa koti lake, huku akimzungusha fundi ujira kwa njoo leo na njoo kesho, amejisitiri kwa jasho la mwenziwe, na uzuri anaojivunia bado si mali yake.